Msaada wa Gharama za Malezi ya Watoto wa Shule Dar es Salaam: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila Januari shule zikifunguliwa, na tena Julai, simu yangu haipumui. Ninajitolea kama msaidizi wa kisheria huku Temeke, na maswali yanayoingia ni yale yale: mtoto anatoka shule mchana, mimi narudi usiku, wa kumwangalia anataka hela, hela yenyewe sina. Nimeyakusanya hapa ili anayeuliza saa nne usiku naye apate jibu. Ninazungumzia watoto walioanza shule, kuanzia darasa la awali mpaka kidato cha nne. Habari za wachanga na kliniki ni somo jingine.

Kuna ofisi inayotoa hela ya kumlipa mtu anayemwangalia mtoto baada ya shule?

Hakuna. Pita Jiji, Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni, hutakuta dirisha lenye jina hilo. Ukifika mapokezi ukasema "naomba msaada wa malezi", utaambiwa usubiri kwenye benchi, na benchi za ofisi zetu unazijua.

Hela ipo, ila imewekwa kwenye mafungu yenye majina mengine: matunzo, ruzuku ya kaya, mafao ya warithi, mkopo wa kikundi. Mwenye kujua jina la fungu anahudumiwa, asiyelijua anaambiwa aje kesho.

Wifi yangu yuko Uingereza, anasema serikali inamchangia hela ya kulea. Mbona sisi hatupati?

Wifi hajakudanganya. Kule mzazi anayefanya kazi anafungua akaunti maalumu, na kila akiweka pauni 8 serikali inaongeza 2, hadi pauni 2,000 kwa mwaka kwa kila mtoto, mpaka mtoto afike miaka 11. Marekani nako wana ruzuku kwa familia zenye kipato kidogo, kwa watoto walio chini ya miaka 13. Lakini hela hiyo inakwenda kwa mlezi anayetambulika, mwenye usajili na risiti. Mlezi wetu ni mama Zuhura wa nyumba ya pili, anayelipwa Ijumaa kwa Ijumaa na wakati mwingine kwa kilo ya sukari.

Na kodi yetu ya mshahara haiulizi habari za watoto. Mshahara usiozidi shilingi 270,000 kwa mwezi haukatwi PAYE, na ukizidi hapo unakatwa kwa viwango vile vile, uwe na watoto sita au huna hata mmoja. Akikujia mtu na "fomu ya kupunguziwa kodi kwa ajili ya watoto", mwambie umechelewa kazini.

Baba yao yupo ila hatuishi pamoja. Anatuma elfu ishirini siku akijisikia. Nifanyeje?

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kwa uzoefu wangu hili ndilo fungu kubwa kuliko yote, na ndilo wanawake wengi hawaligusi. Dada atapanga foleni siku nzima kutafuta mkopo wa laki mbili, huku baba watoto ana bodaboda tatu barabarani na hajadaiwa hata senti.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mzazi wajibu wa kumtunza mtoto: chakula, malazi, mavazi, matibabu, elimu. Wajibu huo haukatiki kwa sababu mmeachana. Anayeshindwa kuutimiza anaweza kuombewa amri ya matunzo mahakamani.

Usianzie mahakamani, lakini. Anza kwa afisa ustawi wa jamii wa kata au manispaa. Nenda na cheti cha kuzaliwa cha mtoto, barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa, na karatasi uliyoandika matumizi ya mtoto kwa mwezi. Afisa atamwita baba, mtakaa, mtazungumza. Kesi nyingi ninazozifahamu ziliishia hapo, kwa makubaliano ya maandishi yenye sahihi za wote wawili. Dai kiasi na tarehe viandikwe. "Atasaidia kadiri ya uwezo wake" si makubaliano, ni dua.

Asipotokea, au akisaini halafu akapotea, ndipo unakwenda Mahakama ya Watoto. Dar es Salaam ipo ya Kisutu, na kwa masuala ya familia kwa jumla kuna Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki kule Temeke. Mahakama itaangalia kipato na mali za wazazi wote wawili (ndiyo, na zako), watoto wengine wanaowategemea, na gharama za maisha za mahali mtoto anapoishi. Kwa hiyo ukijua anafanya kazi wapi, ana gari gani la abiria au nyumba gani ya kupangisha, sema. Usiseme "ana hela sana". Sema ana vyumba vinne Yombo na kila kimoja kinamwingizia kiasi gani.

Wazee watakwambia ukienda mahakamani utapewa shilingi mia. Wanakumbuka sheria ya zamani, iliyoweka ukomo wa shilingi 100 kwa mwezi kwa mtoto wa nje ya ndoa. Sheria ya 2009 iliifuta.

Hela ya mtu wa kumwangalia mchana naweza kuiingiza kwenye matunzo?

Iandike. Watu wanaandika ada na sare, wanasahau mchana wote. Chukua mfano wa mama anayeuza samaki Feri na anakaa Mbagala, mtoto yuko darasa la tatu. Nauli ya mwanafunzi ni shilingi 200 kwa daladala. Akipanda mbili kwenda na mbili kurudi ni 800 kwa siku, na kwa siku 20 za shule ni 16,000. Ongeza chakula cha mchana, tuisheni ya jioni, na anachopewa jirani anayemkalisha mtoto mpaka saa moja. Ukishajumlisha hivyo, kile anachotuma baba "akijisikia" kinaonekana udogo wake bila wewe kupandisha sauti.

Daftari la shilingi mia tano linatosha, na jirani asaini kila unapompa hela. Ujumbe wa miamala ya simu usiufute.

Hatukufunga ndoa, na sasa anasema mtoto si wake.

Kutofunga ndoa hakumpunguzii mtoto haki. Akikana, mahakama inaweza kuombwa ithibitishe nani baba, na inaweza kuagiza kipimo cha vinasaba. Jina lake kwenye cheti cha kuzaliwa, ujumbe aliowahi kukutumia, hela aliyokuwa akituma, na watu walioshuhudia akimwita mwanangu, vyote vina uzito. Wengi hukana kwenye simu tu. Mbele ya afisa ustawi sauti hubadilika.

Mimi ni bibi, nimeachiwa wajukuu watatu. Naweza kudai?

Unaweza, bibi. Maombi ya matunzo hayafungwi kwa mama peke yake; mlezi, ndugu wa mtoto, hata afisa ustawi mwenyewe anaweza kuyapeleka. Na usisahau kwamba mama wa wajukuu naye ni mzazi. Kama yuko Muscat au Dubai anafanya kazi za ndani na hatumi, na yeye ana wajibu. Mabibi hawapendi kusikia hili kwa sababu ni binti yao, lakini unga hauulizi ni binti wa nani.

TASAF wanasaidia watoto wa shule? Naombaje?

Wanasaidia, ila hawaombwi kama kazi. Mpango wa kunusuru kaya maskini unatoa ruzuku kwa kaya, na kaya yenye wanafunzi inapewa sharti: mtoto ahudhurie angalau asilimia 80 ya siku za shule. Akikosa bila sababu, malipo yanakatwa. Malipo hutoka kwa awamu, wenyewe wanaziita madirisha, kwa kawaida kila baada ya miezi miwili.

Kuingia kwenye orodha ndiyo shughuli. Kaya hutajwa kwenye mkutano wa hadhara wa mtaa, halafu wanakuja wadodosaji nyumbani na maswali mengi: ukuta wa nini, choo cha nini, nani anafanya kazi. Kwa hiyo mkutano wa mtaa ukiitishwa, nenda. Najua Dar watu hawaendi, tunasema ni siasa za wenyeviti. Lakini jina la kaya yako haliwezi kutajwa na watu ambao hawajui kama upo. Mpangaji aliyehamia juzi kutoka Gongo la Mboto, mjumbe hamfahamu, balozi hamfahamu, ataachwa hata kama analala njaa. Jitambulishe kwa mjumbe siku unayohamia.

Wakati uandikishaji haujafunguliwa hakuna wa kukuingiza. Anayesema anaweza, kwa elfu kumi tu, anaitaka hiyo elfu kumi. Fomu hazilipiwi. Akikung'ang'aniza, TAKUKURU wanapokea simu bure kwa namba 113.

Elimu ni bure. Mbona kila wiki mtoto anarudi na barua ya mchango?

Tangu Januari 2016 shule za serikali hazitozi ada kuanzia awali mpaka kidato cha nne, na kidato cha tano na sita vikaongezwa mwaka 2022. Kilichofutwa ni ada. Sare, madaftari, kalamu, chakula na matibabu vilibaki kwa mzazi, na waraka wa serikali wa 2016 umeyasema hayo waziwazi.

Hapo katikati ndipo penye vurugu. Chakula cha mchana, kwa mfano, kinaendeshwa na michango ya wazazi waliokubaliana kwenye mkutano wao. Ni jambo jema, na kwa mama anayerudi usiku ni nafuu kuliko malezi mengine yoyote: mtoto anakula shuleni, jirani anabaki na kazi ya kumwangalia tu. Ila mtoto harudishwi nyumbani kwa sababu mzazi hajachanga. Kama huna, mwone mwalimu mkuu kabla ya tarehe, si baada, na umwombe alipeleke suala lako kwenye kamati ya shule. Afisa ustawi akikuandikia barua inayoeleza hali yako, inasaidia sana.

Mwanangu mwenyewe aliwahi kusimamishwa mstarini kwa mchango wa mlinzi. Nilikwenda shuleni nimeshika nakala ya waraka kama Biblia. Sikuhitaji hata kuusoma. Mwalimu aliuona tu, akasema mama kaa tuongee.

Mkopo wa asilimia 10 wa halmashauri naweza kulipia malezi?

Moja kwa moja, hapana. Ni mkopo wa biashara, hauna riba, unatoka kwenye mapato ya ndani ya halmashauri: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ulisimamishwa Aprili 2023 baada ya kasoro nyingi kubainika, ukarudi 2024 kwa utaratibu mpya. Wanawake na vijana wanaomba kwa kikundi cha watu kuanzia watano. Mwenye ulemavu anaweza kuomba peke yake. Wa kumwona ni afisa maendeleo ya jamii wa kata.

Lakini fikirieni hivi. Watano mna shida moja ya watoto wa mchana. Mmoja wenu ana uwanja wenye uzio, mwingine aliishia kidato cha nne na anaweza kusimamia kazi za shule. Kulea watoto wa mtaa kuanzia saa sita mchana mpaka saa moja usiku ni biashara, na biashara ndiyo inayokopeshwa. Mkifanya hivyo, mwoneni afisa ustawi mapema kuhusu usajili, kwa sababu kituo cha kulelea watoto hakifunguliwi kwa kibao na rangi tu. Ataangalia vyoo, nafasi, usalama na watu wanaolea ni nani.

Mikopo ya kwenye simu, ile ya dakika tano?

Ikimbie. Nimekaa na akina mama waliokopa elfu hamsini ya tuisheni wakajikuta picha zao zinatumwa kwa kila mtu aliye kwenye simu yao, mpaka shehe wa mtaa. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zinakopesha bila leseni. Na wale kausha damu wanaopita mlangoni kila Jumatatu, jina lao limeshajieleza.

Basi nicheze mchezo, ule wa kuchangishana hela kwa zamu?

Mchezo ni mzuri kwa gharama unayoijua tarehe yake. Omba kijumbe, anayekusanya hela, akupangie zamu ya Desemba mwishoni, uipokee kabla ya sare na madaftari ya Januari. Ukipokea Machi itaishia kwenye kitenge. VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopeshana, ni bora zaidi kwa yasiyotarajiwa, kwa sababu mbali na hisa kuna ule mfuko wa jamii wa kusaidiana kwenye ugonjwa na msiba. Kundi letu liliongeza kitu kimoja kwenye katiba: mwanachama ambaye mlezi wa watoto wake ameondoka ghafla anaweza kuchukua hela ya jamii ya wiki mbili. Tulibishana miezi mitatu kabla ya kukubaliana. Kiangalieni kikundi chenu kama kimesajiliwa. Sheria ya huduma ndogo za fedha ya 2018 inavitaka hata vidogo visajiliwe.

Dada wa kazi ninamlipa elfu arobaini. Si ndiyo nafuu?

Ni nafuu kwako. Amri ya mishahara iliyoanza Januari 2023 ilitaja kiwango cha chini cha 60,000 kwa mfanyakazi wa nyumba ya kawaida anayelala kwa mwajiri, na 120,000 kwa asiyelala hapo. Viwango hupitiwa upya, kwa hiyo ulizia vya sasa. Na aliye chini ya miaka 14 haajiriwi kabisa. Binti wa miaka 12 kutoka kijijini kwenu anayebaki nyumbani na watoto wako wakati wenzake wako darasani, huyo naye ni mtoto wa shule. Ninaandika hivi nikijua kuna wasomaji watafunga ukurasa.

Nilimpeleka bweni darasa la pili ili nipate kufanya kazi. Sasa shule inasema haichukui tena.

Wako sahihi. Kuanzia Machi 2023 serikali ilipiga marufuku bweni kwa watoto wa awali mpaka darasa la nne, isipokuwa kwa kibali maalumu. Wazazi wengi walilalamika kwamba bweni lilikuwa ndiyo yaya wao. Kwa darasa la tano na kuendelea bado inaruhusiwa.

Kabla hujatafuta shule ya mbali yenye basi, piga hesabu ya shule ya karibu na anapokaa shangazi au bibi. Uhamisho kati ya shule za serikali unaombwa kupitia mwalimu mkuu na haununuliwi.

Baba yao amefariki. Alikuwa ameajiriwa.

Pole sana. Ukimaliza arobaini, au hata kabla, ulizia mambo mawili. La kwanza, kama alikuwa mwanachama wa mifuko ya hifadhi ya jamii, NSSF au PSSSF, kuna mafao ya warithi, na watoto wadogo wamo. La pili, kama alifia kazini au kwa sababu ya kazi, kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ambao nao unawaangalia watoto. Utahitaji cheti cha kifo, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na karatasi za mirathi. Kikao cha ukoo kikikaa kuandika muhtasari, hakikisha jina la kila mtoto limo, pamoja na yule wa nje. Nimeona muhtasari wenye majina ya shemeji watatu na mtoto hakuna hata mmoja.

Mtoto akiugua na sina wa kumwachia, mwajiri anaweza kunikata mshahara?

Sheria ya kazi inakupa angalau siku nne za likizo yenye malipo mtoto wako anapougua. Omba kwa maandishi, ambatisha karatasi ya hospitali.

Msikiti au kanisa wanaweza kusaidia?

Wanasaidia, mara nyingi haraka kuliko ofisi yoyote, lakini kwa anayefahamika pale. Mwone imamu au mwenyekiti wa jumuiya yako. Na tusiidharau madrasa: kwa maelfu ya watoto wa Dar, chuoni ndiko wanakokaa kuanzia saa nane mpaka alasiri, kwa mchango mdogo wa wiki. Ni malezi hayo, hata kama hatuyaiti hivyo. Nenda tu ukaone wanakaaje na nani anabaki nao, bila kutoa taarifa.

Sina wa kumlipa kabisa. Mtoto wa miaka tisa anabaki peke yake na mdogo wake.

Mwambie mtu leo: mjumbe, mwalimu wake, jirani mmoja unayemwamini. Ukitaka ushauri bila kujulikana, piga 116, simu ya huduma kwa mtoto, haikatwi salio. Ukiona dalili mtoto ameguswa au amepigwa na anayekaa naye, nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, usisubiri kikao cha familia.

Kisha kesho yake nenda kwa afisa ustawi wa kata. Fika kabla ya saa mbili asubuhi, maana baada ya hapo huwa wanatoka kwenda kutembelea kaya. Chukua kitambulisho, cheti cha mtoto na lile daftari.